Hariri ya zari na rekodi zake

Anayetafuta rekodi za kasi asipoteze muda kwa wafumaji wa hariri ya zari. Huko Nanjing, China, nguo ya yunjin hufumwa kwa kitanda cha mbao chenye urefu wa mita 5.6 na kimo cha mita 4. Mfumi mmoja hukaa juu akivuta nyuzi za mtande kwa kufuata nakshi. Mwenzake, chini, hupitisha mshindio wa hariri, wa dhahabu, hata wa manyoya ya tausi. Kutwa nzima hupata sentimita 5 au 6 tu.

Ushahidi wa kale kabisa wa vitanda vya kufumia nakshi ulifukuliwa Chengdu mwaka 2012 na 2013: vielelezo vinne vidogo vya mbao, vya karne ya 2 kabla ya Kristo, vilivyozikwa pamoja na mwanamke mmoja na sanamu za wafumi wake.

Kwa rekodi ya wingi wa kadi za kufumia nakshi, twende Lyon, Ufaransa. Mashine ya mvumbuzi Jacquard ya mwaka 1804 ilimwondolea kazi yule mvuta nyuzi wa juu, ikaikabidhi kwa kadi zilizotobolewa. Mwaka 1839 picha ya Jacquard mwenyewe ilifumwa kwa hariri, nayo ikahitaji kadi 24,000. Watu waliiona wakadhani imechapwa.

Lakini rekodi inayonivutia zaidi iko kwa jirani zetu, Madagaska. Washirika wawili, Simon Peers na Nicholas Godley, walikusanya buibui wa dhahabu, majike watupu, zaidi ya milioni moja, wakawakamua uzi kwa kimashine cha mkono, 24 kwa mpigo. Nyuzi hizo zilisokotwa hadi 96 zikawa uzi mmoja, kisha mafundi wa Kimalagasi wakafuma nguo ya nakshi yenye urefu wa zaidi ya mita 3, iliyoonyeshwa New York mwaka 2009. Manjano yake hayakutiwa rangi. Ndivyo buibui alivyoyatoa. Joho lililofuata, lililoonyeshwa London mwaka 2012, lilikula buibui milioni 1.2.

Wakishakamuliwa, buibui waliachiwa porini. Mmisionari Camboué alishajaribu kukamua buibui Madagaska mwishoni mwa karne ya 19, lakini biashara haikusimama, kwa kuwa buibui hawafugiki kama viwavi wa hariri: ukiwaweka pamoja, wanalana.