Ngitili Isiyo na wa Kuifunga

Anayetafuta ngitili Nyahanga leo atakutana na bikoni za viwanja. Nyahanga ni kata ya Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, na ardhi iliyokuwa ya malisho sasa inauzwa kwa hatua.

Kwa Wasukuma, ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikakua bila kuguswa, kisha likafunguliwa kiangazi kwa ng'ombe, kipande kwa kipande. Zipo za familia na zipo za kijiji. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati aliitwa mbele ya dagashida, baraza la kimila, akatozwa faini. Senyenge haikuhitajika. Kilichoilinda ni watu kujua kwamba wazee wamesema pamefungwa, na kwamba neno lao lina nguvu.

Nguvu hiyo ilivunjwa zaidi ya mara moja. Wakoloni walifyeka miombo na migunga kumfukuza mbung'o, pamba ikapanuka, na Operesheni Vijiji ya 1974 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu.

Kilichofuata kinastahili heshima kubwa kuliko kinayopewa. Mwanzoni mradi uliotesha miche, lakini kazi kubwa ilifanywa na visiki. Chini ya ardhi iliyoonekana kufa, mizizi ya mgunga ilikuwa hai. Kisiki kimoja hutoa machipukizi mengi yaliyosongamana, yenye miiba. Mkulima huchagua moja au mawili yaliyonyooka, mengine akayakata kwa panga, kisha akazuia mbuzi. Baada ya misimu michache, kivuli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lililofufuliwa lilizidi hekta 300,000, likiwapa watu kuni, asali, dawa na nyasi za kuezekea.

Linganisha na Japani, ambako tatizo limegeuka: vijijini watu wamepungua, msitu umemeza mashamba ya babu zao, na wapo wanaoyafyeka ili wageni walale kwenye mahema. Kule pori linamsubiri mwenye nguvu za kulifyeka. Kahama linamsubiri mwenye mamlaka ya kulifunga.

Na mamlaka hayo ndiyo yanayopotea. Mkaa una lawama yake, na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, yanakula magogo mengi ya matimba ya kuegemeza kuta. Ila jambo zito zaidi halina kelele. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Kijiji kikigeuzwa mtaa, sauti hiyo inakwisha; ardhi inaingia kwenye mipango miji, na dagashida inabaki bila cha kufunga. Dhahabu ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi iliukuza mji, na mji ukaja na ramani ambayo ngitili haimo. Mwenye ngitili ya familia, akiogopa kupokonywa, anaigawa viwanja kabla hajatanguliwa.

Kurekebisha hili hakuhitaji mradi mwingine wa miche. Kabla ya upimaji wa kata yoyote inayopakana na mji, ngitili zilizobaki zichorwe kama maeneo ya wazi yenye watumiaji wanaojulikana kwa majina, na wazee wapewe haki ya kutoza faini kwa sheria ndogo ya halmashauri. Hayo yafanyike kabla ya katapila kung'oa visiki.