Usitoe Namba ya Siri

Siku hizi cheti cha kuzaliwa huombwa RITA kwa intaneti. Wewe unakaa Marangu, huna kompyuta. Unamtuma kijana wako Moshi mjini akuombee. Si vibaya. Lakini usimpe simu yako na namba yake ya siri. Mwenye vitu hivyo viwili anaweza kuchukua fedha zako zote.

Akishaomba, atapewa namba ya malipo. Akuletee hiyo. Lipa mwenyewe kwa simu yako.

Je, unataka mtu akuuzie shamba? Hilo ni jambo kubwa. Nenda kwa wakili, mwandike hati ya uwakilishi. Itaje jina la mtu huyo, kazi uliyompa na siku ya mwisho.

Sasa unajua kusoma. Isome yote, ndipo utie sahihi.