Nyanya zikibanana kitaluni, hasara huingia jikoni

Ni Jumamosi asubuhi, watoto hawaendi shule. Baba ameshatandaza mipira ya matone juu ya matuta, na mama ameshika trei ya miche ya nyanya iliyofikia urefu wa kiganja. Kitalu nyumba chenyewe kiko nyuma ya jiko, upana mita 6 na urefu mita 8, kimejengwa kwa akiba ya mwaka mzima. Kila mmoja anachukua mche, anatafuta tundu linalodondosha maji, anachimba na kupanda. Tundu moja, mche mmoja. Inapofika saa sita mchana, miche 184 imesimama kitaluni, na familia inarudi ndani ikipiga hesabu za sado kichwani.

Hiyo ni familia ya mfano tu, lakini kosa lililofanyika asubuhi hiyo ni la kweli na ni rahisi mno kulifanya. Mipira mingi ya matone ina matundu kila baada ya sentimita 30. Nyanya ndefu za kitaluni zinahitaji nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Aliyetengeneza mpira alikuwa akipanga maji. Hakuwa akipanga miche.

Wiki sita baadaye

Mwezi wa kwanza hakuna anayeona tatizo. Miche bado ni midogo, ardhi kati yake iko wazi, na kitalu kinapendeza hadi jirani anaomba kupiga picha. Nafasi ya sentimita 60 wakati huo huonekana kama ubadhirifu.

Shida huanza majani yanapokutana. Usiku mvuke wa udongo na wa majani hupanda, hugusa nailoni iliyopoa, kisha hurudi chini kama matone. Miche ikiwa na nafasi, hewa ya asubuhi hupita katikati yake na kukausha majani mapema. Ikiwa imebanana, majani ya chini hubaki na unyevu kwa saa nyingi, na unyevu huo ndio mlango wa bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu unaopenda baridi na majani mabichi ya maji. Wakulima wa nyanda za juu, kuanzia Lushoto na Arusha hadi Iringa na Mbeya, wanaujua vizuri: madoa meusi kama ya kuungua hutokea leo, na baada ya siku chache shamba zima limekauka kana kwamba limepitiwa na moto.

Kuna na suala la mwanga. Mche uliozibwa na wenzake hurefuka kuutafuta mwanga, shina likawa jembamba, vichala vikaachana mbali, na matunda yakawa madogo. Majani ya chini yaliyo kivulini huchangia kidogo sana katika kulisha matunda. Wadudu nao hupata maficho. Kantangaze, yule mdudu ambaye kiwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, huonekana mapema penye nafasi, kwa kuwa mtu anaweza kugeuza jani moja moja. Kwenye msitu wa majani huonekana akiwa tayari ameshaingia kwenye nyanya.

Hapo ndipo hasara inapofika kwa familia. Kitalu kilichobanana huhitaji kupuliziwa dawa mara nyingi zaidi, na kitalu hicho kiko hatua chache kutoka jikoni, kwenye uwanja uleule ambao watoto huchezea. Fedha iliyotarajiwa kununua madaftari huishia duka la pembejeo, na nyanya zilizopandwa ili familia ile chakula salama ndizo zinazopuliziwa kila wiki.

Hesabu ya 92 na 184

Kitalu cha mita 6 kwa 8 kinaweza kupangwa hivi. Upana wake hubeba matuta manne ya mita 1 kila moja, na njia tatu za sentimita 50 kati yake. Hubaki sentimita 25 kila upande, ili majani yasigusane na nailoni au wavu. Kwenye urefu, nusu mita huachwa mbele na nusu mita nyuma, hivyo kila tuta huwa na mita 7.

Kila tuta hubeba mistari miwili iliyoachana sentimita 60. Kwa mpira wenye matundu kila sentimita 30, mstari mmoja una matundu 23. Familia iliyopanda kila tundu imepata miche 46 kwa tuta, yaani 184 kwa kitalu kizima.

Njia bora ni kuruka tundu moja. Mstari wa kwanza hupandwa kwenye tundu la 1, la 3, la 5 na kuendelea, na hivyo hupata miche 12. Mstari wa pili hupandwa kwenye tundu la 2, la 4, la 6 na kuendelea, na hupata miche 11. Kwa mpangilio huo miche hupishana, hakuna unaomtazama mwenzake uso kwa uso, na kila mmoja una sentimita 60 hadi wa jirani katika mstari wake. Tuta moja lina miche 23, kitalu kizima miche 92. Ni nusu kamili ya ile ya mwanzo, karibu miche 2 kwa kila mita moja ya mraba.

Je, nusu ya miche si nusu ya mavuno? Ichukuliwe kwa mfano kwamba mche wenye nafasi unatoa kilo 5 katika msimu, na uliobanwa unatoa kilo 2 na nusu. Miche 92 itatoa kilo 460. Miche 184 itatoa kilo 460 zilezile. Tofauti ni kwamba wa pili amenunua mbegu mara mbili, amefunga kamba mara mbili, amepunguza machipukizi mara mbili, na amevuna nyanya ndogo ambazo genge la mtaani huzipanga kwenye fungu la bei ya chini.

Ni kweli kwamba idadi ya miche ikiongezeka kwa kiasi, kilo kwa kila mita huweza kupanda kidogo. Wenye vitalu vya kibiashara vyenye feni na vipimo vya joto na unyevu hubana zaidi kwa sababu wana namna ya kuikausha hewa. Kitalu cha nyumbani kinategemea upepo unaopita pembeni peke yake. Upepo huo hauwezi kufanya kazi pasipo njia.

Si kila nyanya ina kipimo kimoja

Kabla ya kupima, mzazi ajue amenunua nyanya gani. Aina ndefu, kama Anna F1 au Moneymaker, huendelea kurefuka na kuzaa kwa miezi kadhaa. Hizi ndizo zinazofungwa kamba hadi juu na ndizo zinazofaa kitaluni. Aina fupi, kama Cal J na Rio Grande, hufikia kimo chake na kusimama, zikatanuka kama kichaka. Hizo zimezoea shamba la wazi, na zikiletwa kitaluni hula nafasi ya chini bila kutumia ile ya juu.

Kipimo cha sentimita 45 hadi 60 pia kina sharti: kila mche ubaki na shina moja. Machipukizi yanayotokea kwenye kwapa, kati ya shina na jani, yaondolewe kila wiki yakiwa bado madogo ya kuvunjika kwa vidole. Anayeacha mashina mawili kwa mche mmoja amepanda miche miwili mahali pamoja, hata kama hakukusudia.

Hali ya hewa ina neno lake. Ukanda wa pwani, ambako joto ndani ya nailoni hupanda haraka, anayebana miche huongeza tatizo juu ya tatizo: joto likizidi takriban nyuzi 35 za Selsiasi, chavua hudhoofika na maua hudondoka bila kushika tunda. Huko sentimita 60 ni bora kuliko 45, na kuta za wavu ni bora kuliko za nailoni tupu.

Rula mbili na kamba moja

Kazi ya kupima nafasi ni mojawapo ya kazi chache za kitaluni ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifanya sawasawa na mtu mzima. Rula ya shule ina sentimita 30. Rula mbili zikiunganishwa ni sentimita 60. Watoto wakipewa kamba ndefu, wanaweza kuifunga fundo kila baada ya rula mbili, kisha kamba ikanyooshwa juu ya tuta na kila fundo likawekewa kijiti. Jedwali la mara sita linafundishwa hapo bila ubao.

Maua yakishatoka, watoto wana kazi nyingine. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini linahitaji kutikiswa, na ndani ya kitalu upepo ni mdogo. Asubuhi majani yakishakauka, kamba za miche hugongwa taratibu kwa kijiti. Kazi hiyo hufanyika tu iwapo mtoto anaweza kupita njiani bila kusuguana na majani.

Mipaka nayo iwekwe wazi. Siku ya kupulizia dawa, watoto wasiingie, na nyanya zisichumwe hadi zitimie siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa. Na babu anayependa ugoro au sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, kwa sababu tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya.

Kwa waliokwisha kupanda

Familia yenye miche 184 bado haijapotea ikiwa ni wiki mbili za kwanza. Mche mmoja kati ya kila miwili unaweza kung'olewa jioni pamoja na udongo wake na kuhamishiwa mahali pengine, kwenye ndoo kuukuu au viroba kando ya ukuta. Kama umri umezidi na mizizi imeshashikana, ni afadhali kuukata kwa kisu safi usawa wa ardhi kuliko kuung'oa na kumjeruhi jirani yake.

Kama maua yamekwisha kutoka na moyo unakataa kukata, yabaki mambo matatu: shina moja kwa kila mche, majani ya chini yaondolewe hatua kwa hatua hadi karibu na kichala cha kwanza, na mapazia ya pembeni yafunguliwe mapema asubuhi. Maji yamwagiliwe asubuhi, si jioni. Majani yenye madoa yatolewe nje kabisa na kufukiwa mbali, yasirundikwe mlangoni mwa kitalu.

Kukata mche mzima uliolelewa kwa mwezi mmoja ni kazi ngumu, hasa mtoto aliyeupanda akiwa amesimama pembeni anatazama. Mzazi anaweza kumwonyesha tundu lililoachwa wazi na kumweleza kwamba hapo napo pana kazi: ndipo hewa inapopita. Mwezi wa tatu, ile sado ya kwanza ya nyanya nyekundu ikiingia jikoni bila harufu ya dawa, ataelewa mwenyewe.