Amri Inayokwama Kwenye Kompyuta ya Tatu

Toleo la pili la PowerShell, lililotoka mwaka 2009, lilimwezesha mtunzaji wa kompyuta za Windows kuketi mahali pamoja na kutuma amri kwa kompyuta nyingi zilizo mbali. Lakini mara nyingi hutokea jambo la kutatanisha. Tuziite kompyuta zetu A, B na C. Skripti inayofanya kazi barabara mtu akiwa ameketi mbele ya B hushindwa ikitumwa kutoka A. B huitikia, amri huanza kutekelezwa, ila inapofika mahali pa kusoma faili lililomo katika C, jibu huwa: ruhusa imekataliwa. Wengi hudhani skripti ina kosa, nao huanza kuiandika upya. Kazi bure!

Sababu imo katika Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha utambulisho uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980. Kwa utaratibu huu A haiipi B neno la siri. Huionyesha tiketi tu, nayo ni halali kwa B peke yake. B ikibisha hodi kwa C haina cha kuonyesha, mithili ya tarishi aliyetumwa benki bila barua ya idhini.

Wako wanaowasha CredSSP, ambayo hupeleka neno la siri lenyewe hadi B. Hiyo, kwa maoni yangu, ni sawa na kumkabidhi tarishi ufunguo wa sefu: mwizi akiiteka B, amelipata neno la siri la mtunzaji, na pengine mtandao mzima. Lililo salama zaidi ni kulinakili faili kutoka C hadi B kabla ya kutuma amri, kwani aliye kwenye A aweza kupata tiketi ya kila moja.