Shangazi, kiazi kitamu si mbadala wa vidonge vyako

SHANGAZI yangu ana kisukari cha aina ya pili. Mwezi uliopita nilimkuta jikoni asubuhi akitafuna kiazi kitamu kibichi, na ganda lake. Vidonge vyake alikuwa hajavigusa kwa wiki mbili.

"Mwanangu, Wajapani wanapona kwa hiki," alinionyesha ujumbe kwenye simu.

Ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Nchini Japani kuna kiazi kitamu cha ganda jeupe, caiapo, ambacho watu wa mkoa wa Kagawa wamekila kibichi kama tiba ya kienyeji. Wanasayansi walipokichambua, walikuta kiambata kiitwacho arabinogalaktani-protini. Fikiria mti: shina ni protini, na matawi yake ni minyororo ya sukari mbili, galaktosi na arabinosi.

Ndiyo, kinachodhaniwa kushusha sukari nacho kimejengwa kwa sukari! Tofauti iko kwenye viungio. Wanga ni mnyororo wa glukosi, na vimeng'enya vya tumboni huukata upesi, glukosi ikaingia kwenye damu. Matawi ya arabinogalaktani vimeng'enya hivyo haviwezi kuyakata.

Mwaka 2004 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya wagonjwa 61 waliofuatiliwa kwa wiki 12. Waliopewa gramu 4 za caiapo kwa siku, wastani wao wa sukari wa miezi mitatu ulishuka kutoka asilimia 7.2 hadi 6.7. Ila wagonjwa hao walikuwa wakidhibiti sukari kwa mlo tu. Hakuna aliyeachishwa dawa ili ale kiazi. Mwaka 2013 wahakiki walikusanya majaribio yote yaliyofaa, wakapata matatu yenye watu 140 tu, wakasema ushahidi hautoshi.

Kiazi cha sokoni kwetu kimejaa wanga, na kinapoiva sehemu ya wanga huo hugeuka sukari. Ndiyo maana kikipikwa kinazidi utamu. Kilichookwa hupandisha sukari ya damu haraka kuliko cha kuchemsha. Mgonjwa anaweza kula kipande kidogo cha kuchemsha, pamoja na maharage na mboga za majani, badala ya ugali au wali, si juu yake.

Siku ile tulimpima shangazi kabla ya chai. Mashine ilisoma 16.8. Hakubishana tena, akavaa khanga tukaenda kliniki.