Virusi vya BK: kwa nini mwenye figo ya kupandikizwa apimwe hata akijisikia mzima

Tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, si lazima tena mgonjwa apelekwe India. Mtu wa Masoko akipata figo ya ndugu yake anaachana na mashine ya kusafisha damu na kurudi kwenye migomba yake. Miezi inapita, anakula, analala vizuri. Hapo ndipo huanza kujiuliza: nauli yote hii ya kliniki ya nini, na mimi mzima?

Sababu moja ni virusi vya BK. Tuseme mapema, kwa kuwa neno virusi huwapeleka wengi moja kwa moja kwenye UKIMWI: hivi si hivyo. Ni vya kundi la poliyoma, na watu wazima zaidi ya 8 kati ya 10 duniani wamewahi kuvipata, wengi wakiwa watoto. Hukaa kimya kwenye figo na njia ya mkojo maisha yote bila kumsumbua mtu. Herufi BK zinatokana na jina la mgonjwa kutoka Sudan aliyepandikizwa figo. Wataalamu wa London walivikuta kwenye mkojo wake, wakatangaza mwaka 1971.

Shida inaanzia kwenye dawa. Aliyepandikizwa humeza dawa za kushusha kinga kila siku, ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine. Kinga ikishuka sana, BK huamka na kuanza kuila figo ile mpya. Kati ya wapokeaji 100, mmoja hadi 10 hupata madhara ya aina hiyo.

Na haviumi. Hakuna homa, mara nyingi hata mkojo haubadiliki. Kinachoonekana ni kreatinini kupanda kwenye kipimo cha damu, nayo hupanda vilevile mwili unapoikataa figo. Dalili ni moja, lakini tiba zinapingana: figo ikikataliwa, daktari huongeza dawa za kushusha kinga, ikiwa ni BK, huzipunguza, maana hakuna dawa iliyothibitishwa kuviua. Ukikosea upande, unaimaliza figo. Ndiyo maana wakati mwingine daktari huchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano akichunguze, na ndiyo maana mgonjwa asijipunguzie vidonge mwenyewe eti kasikia redioni kwamba vikipunguzwa virusi vinalala. Tunalisema hili tukijijua.

Mwongozo wa kimataifa unataka damu ipimwe BK kila mwezi kwa miezi 9 ya kwanza, kisha kila miezi mitatu hadi miaka miwili itimie. Kutoka Masoko hadi Tukuyu, Tukuyu hadi Mbeya, kisha basi la Dodoma au Dar es Salaam, si mchezo. Kwa maoni yetu, familia inayochanga fedha za upandikizaji ichange na za nauli hizo tangu mwanzo. Virusi vikikutwa mapema kwenye damu, kabla kreatinini haijapanda, figo nyingi huokolewa.

Jihadhari pia na duka la dawa. Erithromaisini au flukonazo zinaweza kupandisha takrolimasi mwilini, kinga ikashuka kupita kiasi. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Mwambie muuzaji una figo ya kupandikizwa, na umpigie daktari wako kabla ya kumeza.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Mara nyingi BK huja ndani ya figo iliyotolewa, na maneno huanza: kumbe kaka alitoa figo mbovu. Hapana. Kaka alikuwa navyo kama wengi wetu tulivyo navyo, na figo yake nyingine inaendelea kufanya kazi navyo humo humo.