Tovuti ya Chama Ipate Kuonekana



Mama lishe wa Mbagala anayehitaji mtaji siku hizi aweza kuanza safari yake kwa simu kabla ya kuinua mguu. Huandika maneno machache, kama vile "mkopo wa haraka Mbagala", kisha husoma majibu mawili matatu ya juu. Iwapo chama chenye leseni kilichoko mtaa wa pili hakimo katika majibu hayo, kwake ni kana kwamba hakipo. Atakayemjibu badala yake aweza kuwa mkopeshaji wa "kausha damu" au mwenye programu ya simu isiyo na idhini. Mwezi wa Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kwa hiyo kuonekana kwa tovuti ya chama ni sehemu ya kazi ya kumlinda mwananchi, wala si pambo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuandika maneno ya tovuti ili mitambo ya utafutaji, kama vile Google, iyaone na kuyatoa mbele ya anayeyahitaji.

Mtambo wa utafutaji hufanya nini?

Mtambo hausubiri kuulizwa ndipo uanze kutafuta. Programu zake huzunguka usiku na mchana zikisoma kurasa, na kuweka maneno yake katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu. Mtu anapouliza, mtambo hufungua faharasa hiyo na kupima ni ukurasa upi unaojibu swali lake vyema zaidi.

Google ilipoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, sifa yake kubwa ilikuwa kuhesabu viungo: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine ulipewa uzito, kana kwamba umepigiwa kura. Lakini wanaushirika tuelewe tofauti moja. Katika chama kila mwanachama ana kura moja. Katika mtambo, kiungo kitokacho kwenye ukurasa unaoheshimika huwa na uzito zaidi ya viungo vingi vya kurasa zisizojulikana. Siku hizi mambo mengine mengi hupimwa pia, yakiwemo maneno yaliyomo, mahali alipo muulizaji, na jinsi ukurasa unavyofunguka katika simu.

Kuandika kwa maneno ya mwanachama

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kutumia maneno ya muulizaji. Katiba zetu husema "chama cha ushirika wa akiba na mikopo"; mtaani watu husema "SACCOS". Ukurasa uandike yote mawili. Hakuna anayetafuta "dira na dhima ya chama". Watu hutafuta "mkopo wa ada ya shule", "riba ni kiasi gani" na "jinsi ya kujiunga". Katibu na aorodheshe maswali anayoulizwa dirishani kwa wiki mbili. Orodha hiyo ndiyo msingi wa tovuti.

Pili, kila jambo lipewe ukurasa wake na kichwa kinacholitaja waziwazi. Kichwa kisemacho "Karibu" hakimwambii msomaji wala mtambo chochote. Kichwa kisemacho "Mkopo wa biashara ndogo kwa wanachama, Mbagala, Temeke" kimemaliza kazi kwa mstari mmoja. Chini yake yafuate masharti: hisa zinazotakiwa, riba, muda wa marejesho na wadhamini.

Tatu, mahali patajwe kwa ukamilifu. Katika miaka ya 2015 na 2016 Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke. Chama cha Manzese ambacho bado kinajitaja kuwa cha Kinondoni humpoteza anayetafuta Ubungo. Vilevile Mbezi Beach iko Kinondoni, lakini Mbezi Luis iko Ubungo. Neno "Mbezi" peke yake halitoshi. Tajeni mtaa, kata, wilaya na kituo cha daladala kilicho karibu.

Nne, maelezo yawe maandishi, yasiwe picha ya tangazo. Bango lililopigwa picha laweza kupendeza, lakini msitegemee mtambo uyasome maneno yake vizuri. Aidha, mwenye simu ndogo hulipia kifurushi, na picha nzito humla salio.

Tano, ombeni viungo vya haki. Chama Kikuu, halmashauri, au shule inayoshirikiana na chama ikiweka kiungo cha tovuti yenu, hiyo ni kura yenye uzito.

Ya kujihadhari nayo

Wako wanaoshauri neno kama "mkopo" lirudiwe mara hamsini katika ukurasa mmoja. Google huihesabu hila hiyo kuwa udanganyifu, na ukurasa waweza kushushwa au kuondolewa. Wako pia wanaodai fedha kwa ahadi ya nafasi ya kwanza. Google yenyewe husema hakuna awezaye kuihakikisha nafasi hiyo. Nafasi inayonunuliwa ni ya tangazo, nayo huwekewa alama ya tangazo na kutoweka malipo yakikoma. Kamati isitie saini mkataba wa ahadi ya namna hiyo kwa fedha za wanachama.

Hali kadhalika, majina, picha na madeni ya wanachama yasiwekwe hadharani ili kujaza kurasa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kinachofaa kuonyeshwa ni namba ya leseni ya chama. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS hutakiwa kuwa na leseni, na hapo ndipo msomaji hutofautisha chama na mlaghai.

Kupima kazi

Google Search Console ni huduma isiyolipiwa. Huonyesha maneno yaliyowaleta watu kwenye tovuti na idadi yao. Taarifa hiyo isomwe katika kikao cha kamati kila baada ya miezi mitatu, na riba au masharti yakibadilika, ukurasa ubadilishwe siku hiyo hiyo na tarehe iandikwe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini hata kizuri hakiuziki kikiwa kimefungiwa kabatini. Kila chama na kianze na ukurasa mmoja, unaojibu swali moja, kwa Kiswahili ambacho mwanachama wake anakizungumza.